Mizani ya Kibaigwa

Jumatatu nilimpa saba.
Alhamisi Sechelela akampa mbili.
Mtu yuleyule, Ndahani mpakia magunia,
shati lilelile lenye vumbi la pumba,
benchi lilelile nje ya zahanati
ambapo upepo wa Kongwa hukufunulia karatasi
hujamaliza kuiandika.

Maswali kumi na moja, ndiyo au hapana.
Ndiyo mbili zatosha kumwita mgonjwa,
sita zatosha kumwita mgonjwa sana.
Kwangu mimi alikuwa anazama.
Kwa mwenzangu amelowa nyayo tu.

Daktari akaziweka fomu mbili mezani,
akazitazama kama mnunuzi atazamavyo lumbesa:
"Nani kati yenu ameshindilia?"

Sikupata usingizi.
Kule sokoni hata mizani ya chuma hukaguliwa,
mtu wa vipimo huja na mawe yake ya shaba,
hubandika stika, au humfungia mtu kazi.
Mimi nani amenikagua?
Baba yangu alizikwa na harufu ya gongo.
Huenda kalamu yangu
tangu zamani imelalia upande wa ndiyo.

Asubuhi tukayasoma maswali kwa sauti, mimi na Seche,
tukipapasa palipovuja.

*Je, hunywa kuliko ulivyokusudia?*
Alinijibu: "Nakusudia kibuyu kiishe. Nacho huisha."
Nikaandika ndiyo.
Alimjibu vivyo hivyo, neno kwa neno,
Seche akaandika hapana:
mtu katimiza kusudio lake, kosa liko wapi?
Tukacheka, kisha tukanyamaza.

*Je, pombe imekuzuia kutimiza wajibu wako?*
Mwezi wa sita malori yamepanga foleni hadi barabara kuu,
Ndahani huamka kabla ya jogoo.
Mwezi wa pili soko ni tupu, mbwa wamelala kwenye mizani.
Wajibu upi?
Fomu inasema "mwaka mzima"
kama kwamba mwaka ni kitu kimoja.

*Je, hupatwa na hamu kali?*
"Hamu? Ya mlenda wa mama, ndiyo."
Seche akaandika hapana, kwa haki kabisa.
Mimi niliuliza, "Arosto je?"
Akaficha vidole chini ya mapaja.
Neno hilo halimo kwenye fomu. Nililiokota kijiweni.
Sijui hadi leo kama niliiba
au nilifungua mlango.

Na saa. Hatukuwa tumeandika saa!
Mimi nilimkuta saa moja asubuhi, hajagusa kitu,
kikombe cha chai kikigonga meno.
Yeye alimkuta saa kumi jioni,
ametulia, mkono mzito kama jiwe la kusagia,
anauliza habari za watoto.

Jumatatu iliyofuata tukaketi wote wawili,
mmoja anauliza, mwingine kimya,
tumepeana migongo tusichunguliane kalamu.
Maneno tumeyakubali kabla: arosto imeandikwa,
misimu miwili imetenganishwa,
saa mbili kamili asubuhi, juu ya ukurasa.

Mimi tano. Yeye nne.
Tulitofautiana pale alipoulizwa
kama amewahi kujaribu kuacha akashindwa.
Alicheka tu, akatazama magunia ng'ambo ya uzio.
Mimi nilikihesabu kicheko.
Seche hakukihesabu.

Daktari akaridhika: pengo la moja si pengo.
Akatia sahihi, akaenda kwenye mgonjwa wa mguu.

Ndahani akasimama, akajipangusa pumba.
"Mmepatana?"
"Karibu tupatane."
"Basi semeni na mimi nisikie, kilo ngapi,"
akasema, akikunja kitambaa chake cha begani,
"maana mbebaji ni mimi."